Lensi Ndefu ya Mdogo Wako Isikumalizie Akiba

Ujumbe unakuja WhatsApp, mara nyingi usiku ukiwa umeshachoka: "Shikamoo dada. Huko kwenu kamera ni bei rahisi. Ukija likizo naomba uniletee ile yenye lensi ndefu, nataka kuanza kupiga picha za wanyama." Chini yake kuna picha ameitoa mtandaoni, lensi nyeupe nene kama bomba la inchi sita. Anayeomba ni mdogo wako wa Arusha, au mpwa wako wa Narok, au shemeji aliyeko Voi. "Huko kwenu" ni Muscat, Dubai, Riyadh, Doha. Kwake yeye huko vitu vinauzwa kama nyanya za jioni.

Wengi wetu tunajibu kwa njia mbili. Ama tunakata moja kwa moja, kwamba kamera ni mchezo wa wazungu. Ama tunaona aibu kukataa, tunaingia dukani na kutoka na kitu cha mishahara minne ambacho hakipigi simba wala kuku. Mimi naona zote mbili ni hasara. Kamera yenye uwezo wa kuvuta mbali inaweza kuwa jembe la kweli kwa mtu anayefanya kazi mbugani, na siku hizi inapatikana kwa hela ambayo dada wa ndani au kaka wa saiti anaweza kuitenga bila watoto kukosa ada. Ila siyo ile ya kwenye picha aliyokutumia.

Tuanze na hiyo ya kwenye picha. Canon walipotoa lensi yao ya milimita 600 toleo la tatu, mwaka 2018, bei yake ilikuwa kama dola 13,000. Tuseme unalipwa riyali 100 za Oman, ambazo ni kama dola 260. Hiyo ni mishahara 50. Miaka minne na miezi miwili bila kutuma senti nyumbani, bila sabuni, bila bando. Na hapo umepata lensi tu, bodi ya kamera bado.

Kwa nini ni ghali hivyo? Siyo kwa sababu inavuta mbali kuliko zote. Kwenye kila lensi kuna namba inayofuata herufi f, na hiyo inasema tundu la mwanga ni kubwa kiasi gani. Gawanya urefu wa lensi kwa namba hiyo utapata upana wa tundu. Milimita 600 gawanya kwa 4 ni 150, yaani kioo cha mbele cha sentimita 15, kikubwa kama sahani ya chai. Kioo safi cha ukubwa huo ndicho kinachouza nyumba. Lensi nyingine ya milimita 600 hiyohiyo yenye f/6.3 inahitaji kioo cha sentimita 9.5 tu. Inavuta mbali sawasawa. Inapokea mwanga kidogo zaidi, basi. Hapo ndipo penye nafuu yote nitakayoizungumzia, kwa hiyo likae kichwani: umbali ni rahisi, mwanga ndio ghali.

Lakini kabla ya lensi kuna mtu atakayeishika. Muulize mdogo wako swali moja: leo hii, kazi yako inakufikisha mbugani mara ngapi kwa mwezi? Kama jibu ni "bado, lakini nikipata kamera nitaanza," usinunue. Sisemi kwa ukali, nasema kwa hesabu. Tovuti zinazouza picha zina mamilioni ya picha za simba, tembo na twiga tayari, na mpiga picha analipwa senti au dola chache kila picha inapopakuliwa. Mtu anayekaa mjini atalipa kiingilio, gari, mafuta na chakula ili apige simba ambaye picha yake haitarudisha hata pesa ya mafuta.

Kama jibu ni "niko mbugani siku kumi na mbili, mimi ni dereva wa watalii," hapo kuna kitu. Dereva anayejua kupiga picha hauzi picha, anauza siku nzuri. Mgeni amekuja na simu tu, chui yuko juu ya mti kule Seronera, mita mia moja kutoka barabarani, simu inaonyesha doa la kahawia. Dereva anatoa kamera yake, anapiga, jioni anamtumia mgeni picha kumi. Mgeni huyo anaziweka kwenye ukurasa wake, anataja jina la dereva, anaacha tipu nzito kidogo, na shemeji yake akija mwaka ujao anamuuliza yeye. Vijana wa kazi hii wataniambia nimesahau wageni wasioacha hata shilingi. Sijasahau. Ila jembe hili linalimia shamba ambalo tayari lipo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kamera ifuate kazi. Mpishi wa kambi, mlinzi wa lodge, kijana wa boti pale Ziwa Naivasha, dereva, mwongoza watalii wa kupanda mlima, hao wote wako karibu na wanyama na ndege kila wiki na wanalipwa kuwa pale. Hao saidia.

Sasa hesabu ya umbali, na mafundi ujenzi mtaielewa haraka kuliko wauza kamera. Kamera nyingi za bei ya kati, zile zenye kihisi kidogo kidogo, yaani kile kibati ndani kinachopokea picha, kibati chao kina upana wa milimita 22 au 23 hivi. Chukua 22, gawanya kwa urefu wa lensi, zidisha kwa umbali wa mnyama kwa mita. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita. Lensi ya milimita 250, simba yuko mita 50: 22 gawanya kwa 250, zidisha kwa 50, unapata mita 4.4. Simba mwenye urefu wa karibu mita 2 anajaza karibu nusu ya picha. Hiyo ni picha nzuri kabisa, na bado unaweza kuikata pembeni ikakaa vizuri zaidi.

Ndege mdogo wa sentimita 20 akiwa mita 20, lensi ileile inakupa eneo la mita 1.76, ndege ni kama sehemu moja ya tisa. Hapo unahitaji milimita 600, inakupa sentimita 73, na ndege anakuwa zaidi ya robo ya picha. Unaona tofauti? Kwa simba, tembo, nyati na twiga, milimita 250 au 300 inatosha siku nyingi. Tembo wa Amboseli mara nyingi hata hiyo ni ndefu mno, utapata sikio tu. Milimita 600 ni ya ndege, ya chui aliye mbali, na ya faru wa Ngorongoro, maana ndani ya kreta gari haliruhusiwi kuacha barabara na faru naye hajui kwamba umetoka mbali.

Kwa maneno mengine, mdogo wako anaanza na lensi fupi kuliko anavyodhani.

Ningekuwa nanunua mimi, ningefanya hivi. Bodi iliyotumika ya Canon kama 70D ya mwaka 2013, au 7D Mark II ya mwaka 2014 ambayo inapiga picha 10 kwa sekunde na imezibwa vizuri dhidi ya vumbi. Watu wanaziuza kwa sababu wamehamia kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, siyo kwa sababu zimekufa. Bei yake iliyotumika nimeiona ikicheza kati ya dola 250 na 400. Halafu lensi ya Canon ya 55-250 yenye kituliza mtikisiko, ile iliyoandikwa STM. Ina gramu 375 tu, nyepesi kuliko chupa ndogo ya maji, ilitoka mwaka 2013, na iliyotumika kwa kawaida haizidi dola 150. Ongeza betri ya pili na kadi ya kuhifadhi picha. Ukibahatika kwenye bodi, jumla ni kama dola 420, yaani riyali 160 na ushei. Ukitenga riyali 20 kila mwezi, miezi minane umemaliza, na pesa ya mama na ada haijaguswa.

Kwa nini Canon za zamani? Kwanza, betri. 70D, 7D Mark II, 80D zote zinatumia betri za ukoo mmoja, LP-E6, ambao upo tangu 2008 na bado upo. Mtu wa mbugani akipoteza betri hataki kuagiza Japani. Pili, mafundi wa Nairobi na Dar wamezifungua bodi hizi mara nyingi. Nikon nao wako vizuri, D7200 ya mwaka 2015 ni kamera ya heshima, na kama kijana tayari ana bodi ya Nikon basi mnunulie lensi ya Nikon na usinisikilize mimi. Hili ni muhimu: lensi ya Canon haiingii kwenye Nikon. Kabla ya kutoa hela mwambie apige picha ya kamera aliyonayo, mbele, juu na chini, akutumie.

Lensi ya pili, ndefu, isubiri. Tamron walitoa ya 150-600 mwishoni mwa mwaka 2013, Sigma wakatoa yao nyepesi kidogo, ile inayoitwa Contemporary, mwaka 2015. Zote mbili zilipoanza ziliuzwa kama dola 1,070 na 1,090. Kabla ya hapo mtu wa kawaida aliyetaka milimita 600 alikuwa anaota tu. Leo zikiwa zimetumika unazipata kwa nusu ya bei hiyo, au juu yake kidogo. Zina uzito wa karibu kilo 2, mkono unachoka, lakini zinafanya kazi. Kwa Nikon kuna ya 200-500, nzuri sana, nzito zaidi.

Na hii ya pili, naomba mnisamehe, ailipie mwenyewe. Au mchange nusu kwa nusu, yake akiitoa kwenye tipu. Kijana aliyetumia lensi ndogo miezi sita akaweka pembeni hata dola 200 amekuonyesha kitu ambacho cheti cha chuo hakionyeshi. Kijana ambaye baada ya miezi sita bado anasema "tatizo ni lensi" naye amekuonyesha kitu.

Kuna wasiotaka kubadilisha lensi wala kujifunza namba za f, wanataka kitu kimoja kinachovuta. Hao kamera za kipande kimoja zinawafaa. Nikon P900 ya mwaka 2015 inavuta mara 83, na P1000 ya mwaka 2018 inavuta mara 125, ambayo kwa hesabu za kamera kubwa ni sawa na milimita 3000. Utapiga mwezi mpaka uone mashimo yake. Wapiga picha wakubwa wanazicheka. Mimi sizicheki, dereva mwenye usukani mkono mmoja hana nafasi ya kubeba lensi mbili. Shida yake ni kihisi: kile kibati ni kidogo mno, cha kamera ya kawaida kinakizidi eneo zaidi ya mara 10. Saa nne asubuhi jua limewaka, picha ni safi. Saa kumi na mbili jioni, simba ndiyo kwanza anaamka, picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani. Na P1000 mpya ilianza kwa dola 1,000, kwa hiyo tafuta P900 iliyotumika.

Sasa mitego, maana duka halikosi kijana mwenye maneno matamu.

Ukiona lensi ya 420-800 mpya kwa bei ya viatu, kimbia. Inauzwa kwa majina mengi lakini ni kitu kilekile: haina fokasi ya kujiendesha, haina kituliza mtikisiko, na tundu lake la mwanga ni dogo mno. Simba akilala usingizi utampata. Akitembea, humpati. Vilensi vya kubana kwenye simu, vile vinavyokuja na kistendi kidogo, ni vya watoto. Kiongeza urefu kinachofungwa mbele ya lensi nacho hivyo hivyo. Na mtu akikuambia "inavuta mara 500," muulize ni kwa kioo au kwa kompyuta. Kwa kompyuta maana yake ni kukata picha na kuitanua, jambo ambalo hata simu yako inafanya bure. Megapikseli pia zisikuchanganye. Bodi ya megapikseli 20 inatosha kuchapa picha ya ukutani.

Vitu vilivyotumika vinapatikana Dubizzle kwa walio Falme za Kiarabu, OpenSooq kwa walio Oman na jirani zake. Walio Uingereza wana MPB, walio Marekani wana KEH, hao wanakagua kifaa, wanasema hali yake na wanatoa waranti, na kwa bei ndogo ya juu ni usingizi mzuri. Huku Ghuba unanunua kwa mtu, kwa hiyo kagua mwenyewe. Wakati mzuri ni kuelekea kiangazi, shule zinapofunga na familia nyingi za wageni zinahama na kuuza kila kitu, kuanzia friji.

Kutaneni mahali pa watu, mchana. Washa tochi ya simu, imulike ndani ya lensi kutoka upande wa nyuma, uangalie kutoka mbele. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, mwache nayo hata akupunguzie nusu. Miji ya pwani ina unyevu, Muscat ni hivyo na Mombasa na Zanzibar ni hivyo, na fangasi akishaingia hatoki kwa kitambaa. Weka lensi kwenye bodi, piga kitu cha karibu, piga kitu cha mbali, sikiliza kama fokasi inakwama. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho, isikwaruze kama ina mchanga, na Ghuba mchanga ni wa kila mahali. Piga picha ya ukuta mweupe uangalie madoa. Hakikisha namba ya kifaa haijakwanguliwa.

Halafu risiti. Hapa nataka nikae kidogo na dada zangu wa ndani.

Ukiishi kwenye nyumba ya watu, kitu cha thamani kisicho na karatasi ni hatari kwako. Kamera inapatikana kwenye begi lako siku unayoondoka, na hakuna anayekumbuka kwamba uliinunua. Kabla hujaileta ndani, mwambie mama wa nyumba au kafili kwamba unanunua kamera ya ndugu yako, ni ya bei gani na unainunua wapi. Kwa muuzaji wa mkononi, andikisheni karatasi: tarehe, bei, namba ya kifaa, jina lake, saini zenu wote. Piga picha karatasi hiyo pamoja na kamera, itume nyumbani siku hiyohiyo. Meseji ya WhatsApp yenye tarehe haitakulinda na kila kitu, lakini ni bora kuliko maneno matupu.

Na jambo la pili, kubwa kuliko hilo. Usiijaribu lensi ndefu dirishani, roshani, wala juu ya paa la jengo mnalojenga. Falme za Kiarabu zina sheria kali kuhusu faragha, kumpiga mtu picha bila idhini yake ni kosa linaloweza kuleta faini au kifungo, na nchi jirani nazo hazichezi na jambo hilo. Wewe unaangalia njiwa, jirani anaona mtu analenga dirisha la chumba chake. Majengo ya serikali, kambi za jeshi, viwanja vya ndege na bandari, usiinue kamera kabisa.

Kujaribu kuna mahali pake. Dubai kuna hifadhi ya Ras Al Khor, ina vibanda vya kuangalia ndege na heroe, wale flamingo wa rangi ya waridi, wanajaa wakati wa baridi. Nje ya mji kuna maziwa ya Al Qudra, huko unaweza kukutana na swala na choroa weupe wa Arabuni. Walio Salalah wana makhori ya pwani yenye ndege wengi. Siku yako ya mapumziko moja inatosha kujua kama ulichonunua kinafanya kazi, wakati muuzaji bado anapokea simu. Ulizia saa za kufungua kabla hujalipa teksi.

Nenda mapema. Kuanzia jua likishapanda, ardhi inapata moto na hewa inacheza kama juu ya jiko la mkaa, mnaliona jambo hili kwenye lami kila siku. Lensi ndefu inakuza mchezo huo pia. Picha inatoka laini, kama imepakwa mafuta, na mtu anasema lensi mbovu. Siyo lensi. Hata ile ya dola 13,000 itatoa uji saa saba mchana, Serengeti au Sharjah. Mwambie na kijana: alfajiri na jioni kazi, mchana sogea karibu au pumzika.

Kusafirisha: usiweke kwenye kago. Kioo na kago havijawahi kupatana. Mashirika mengi ya ndege ya Ghuba yanaruhusu kilo 7 za mkononi, kamera na lensi zote mbili haziwezi kuzidi kilo 4, zifunge katikati ya kanga na fulana. Betri za akiba lazima ziwe kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Boksi la dukani liache, linaongeza uzito na linamwita mtu wa forodha. Risiti usiiache. Kamera moja iliyotumika na lensi zake ni mali ya mtu, lensi nne kwenye maboksi yake ni biashara, na forodha wana haki ya kukuuliza ushuru.

Kuna wanaosema afadhali kutuma hela anunue mwenyewe Nairobi au Arusha. Kwa familia nyingine ni sawa. Lakini hela ya kamera ikifika wakati bati la bibi linavuja, inakuwa bati, na hakuna mwenye kosa hapo. Kama unataka iwe kamera, ifike ikiwa kamera.

Kitu cha mwisho cha kununua hakina bei. Wauzaji watataka umchukulie kijana stendi ya miguu mitatu ya dola 100. Ndani ya Land Cruiser haina pa kusimama. Watu wa safari wanatumia kifuko cha kitambaa kigumu, kama mto mdogo, kinalazwa kwenye dirisha au ukingo wa paa la gari na lensi inakaa juu yake. Dereva akizima injini, lensi ya kilo 2 inatulia kama imejengewa. Dada mwenye cherehani anakishona kwa saa moja kutoka kwenye suruali kuukuu ya jinzi, na zipu upande mmoja. Kisafiri kikiwa kitupu. Maharage ya kukijazia yapo Karatu, na safari ikiisha yanapikwa.